Kioo Kinachosema Kweli: Kompyuta ya Kikundi kwa Kazi ya Picha

Juma hili tunaweka kando kidogo masomo ya watoto na chakula cha nyumba. Vikundi vitatu vimetuuliza swali moja mwezi huu: tukitaka kufungua kazi ya kutengeneza picha, tununue kompyuta gani na kioo gani? Tunasema kioo kwa sababu ndicho kinachoonyesha picha. Sokoni utasikia wengine wanasema ekra. Ni kitu kimoja.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe.

Mwaka jana tulimpoteza mama mmoja wa kikundi chetu. Mnajua desturi: kwenye kilio lazima iwepo picha kubwa ya marehemu, ile inayowekwa mbele, watu wakiingia uwanjani wanaiona kwanza. Picha ilikuwepo. Alipigwa kwa simu tarehe 8 ya mwezi wa tatu, amevaa kikwembe cha kikundi cha rangi ya zambarau, anacheka. Tukaipeleka kwa kijana mmoja mwenye kompyuta ya zamani. Kijana alifanya kazi mbele yetu. Aliondoa watu waliokuwa nyuma, kisha akasema uso una giza na wekundu mwingi, akaongeza mwanga na kupunguza wekundu. Tukatazama kwenye kioo chake, tukasema ni sawa, na picha ikaenda kuchapwa.

Iliporudi, uso ulikuwa na rangi ya majivu na kikwembe cha zambarau kimekuwa cha buluu. Wakati wa kurudia haukuwepo. Mdogo wake marehemu alipofika kutoka Likasi, alisimama mbele ya ile picha na kuuliza kwa sauti ndogo: "Huyu ni nani?" Hakuna aliyemjibu. Mama Prezida wetu aliinuka, akamshika mkono, akampeleka ndani.

Baada ya kilio tulikaa na kuulizana kosa lilikuwa la nani. Wengine walimlaumu kijana. Lakini kijana anajua kazi yake, na tulimwona akiifanya kwa uangalifu. Kosa lilikuwa kwenye kioo. Kilikuwa kimezeeka: mwanga wake umefifia na rangi zake zimeegemea wekundu. Kwa hiyo kila uso aliouona ulikuwa na giza kuliko ulivyo, na wekundu kuliko ulivyo. Aliongeza mwanga ambao picha haikuuhitaji, akaondoa wekundu ambao picha haikuwa nao. Alikuwa anarekebisha kasoro ya kioo chake, akidhani anarekebisha picha. Karatasi haikuwa na kasoro ile, ndiyo maana uso ukatoka umepauka.

Tangu siku ile tunasema hivi kwa kila kikundi kinachotuuliza: nunueni kwanza kioo kinachosema kweli, kisha ndipo mtafute nguvu ya kompyuta. Kompyuta ya polepole itakuchelewesha, lakini kazi itatoka. Kioo kinachodanganya kitaharibu kazi yako, na wewe mwenyewe utakuwa umeisimamia.

Macho mnayo tayari

Mama wengi wanatuambia: "Sisi hatukusoma mambo ya kompyuta, wauzaji watatudanganya." Bamama, nani anaweza kuwadanganya ninyi kwa rangi? Mkiingia sokoni kununua vikwembe, mnashika, mnageuza, mnapeleka kwenye mwanga wa jua, mnalinganisha upande wa mbele na wa nyuma, na kabla muuzaji hajataja bei mnajua kama ni waksi ya kweli au ni ya kuigiza. Jicho hilo hilo ndilo linalonunua kioo.

Fanyeni hivi. Siku ya kwenda dukani, chukueni kikwembe cha kikundi, chenye rangi nyingi kikiwezekana. Kipigeni picha nje, kivulini, mchana. Ifungueni picha hiyo kwenye kioo mnachotaka kununua, kisha wekeni kikwembe chenyewe karibu na kioo. Hazitafanana kabisa, kwa sababu simu nayo ina namna yake ya kupiga. Lakini mkifungua picha moja kwenye vioo vitatu, mtaona mara moja kipi kiko karibu na kitambaa na kipi kiko mbali. Angalieni hasa zambarau, nyekundu na kijani. Halafu pigeni picha mkono wa mama mmoja wenu na mlinganishe na mkono wenyewe.

Maneno matatu ya kumwuliza muuzaji

Neno la kwanza ni aina ya kioo. Ulizeni: "Hiki ni IPS?" Herufi hizo zinataja namna kioo kilivyotengenezwa. Kioo cha IPS hakibadilishi rangi sana ukikitazama kutoka upande. Kuna aina nyingine inayoitwa TN, ya bei ndogo, ambayo mmoja akikaa katikati anaona uso vizuri, na mwenzake akisimama pembeni anaona uso mwingine. Jaribio lake ni rahisi: fungua picha ya mtu, simama kushoto, simama kulia, kisha chuchumaa utazame kutoka chini. Uso ukigeuka rangi au ukiwa kama kivuli, kiacheni.

Neno la pili ni kiasi cha rangi. Kuna kipimo kinaitwa sRGB, ambacho simu na maduka mengi ya kuchapa picha vinakitumia. Kioo kizuri kwa kazi yetu kinaonyesha karibu rangi zote za kipimo hicho, na kwenye karatasi yake kimeandikwa sRGB 99 au 100 kwa mia. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu zinaonyesha kama 60 kwa mia tu. Zile zinazokosekana ni rangi kali, zile zile zinazopendwa kwenye vikwembe vyetu. Mkisikia Adobe RGB, msihangaike. Ni kipimo kipana zaidi, kwa watu wanaochapa kwa mashine maalumu.

Neno la tatu ni wingi wa nukta. Picha kwenye kioo imeundwa na nukta ndogo sana zinazoitwa pikseli. Kioo cha kawaida kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani kama milioni 2 kwa jumla. Kinachofuata kina 2560 kwa 1440, karibu milioni 3.7. Kile kinachoitwa 4K kina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8.

Nukta nyingi zina faida gani? Picha ya simu ya megapikseli 12 ina nukta milioni 12. Kwenye kioo cha milioni 2, ukitaka kuona kila nukta ya picha unaona kama sehemu moja ya sita kwa wakati mmoja. Unaona jicho, unasogeza, unaona mdomo. Kwenye kioo cha nukta nyingi unaona uso wote pamoja na kope zake, na unajua kama picha imekaza au imetetereka kabla hujailipia uchapaji.

Lakini msikimbilie 4K kwa sababu jina lake ni kubwa. Kwanza, inaitaka kompyuta yenye nguvu zaidi. Pili, kwenye kioo kidogo maandishi yanakuwa madogo mno, mpaka mlazimike kuyakuza. Tatu, kompyuta ya zamani yenye tundu la HDMI la kizazi cha nyuma inaweza kupeleka picha 30 tu kwa sekunde kwenye kioo cha 4K, na mkono ukisogeza kipanya unahisi kama kinavutwa kwenye matope. Kioo cha 4K chenye rangi mbaya kitakuonyesha uwongo kwa nukta milioni 8.

Ushauri wetu: kikundi kinachoanza kichukue kioo cha inchi 24 chenye nukta 1920 kwa 1080, kiwe IPS na sRGB kamili. Kinatosha kwa picha za pasipoti, komunyo, ndoa na darasa. Makuta yakiruhusu, chukueni inchi 27 yenye 2560 kwa 1440. Kwa macho yetu ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hii. Inchi 27 yenye nukta milioni 2 tu iacheni, kwa maana nukta zinakuwa kubwa na picha inaonekana ya kukwaruza hata ikiwa nzuri.

Kompyuta yenyewe

Hapa mna maneno matatu mengine. La kwanza ni RAM, mahali kompyuta inapoweka kazi iliyo mkononi, kama meza ya jikoni. Meza ikiwa ndogo, kila kitu kinaangushwa na kuokotwa. Kwa picha, giga 8 ni kuanzia, giga 16 ni vizuri. La pili ni diski, ambayo ni kabati. Iwe SSD, siyo diski ya zamani inayozunguka, kwa sababu SSD inafungua picha haraka na haisumbuliwi sana na kutikiswa. Giga 512 zinafaa. La tatu ni prosesa, yaani mpishi mwenyewe. Ulizeni ni ya mwaka gani. Jina zuri la miaka kumi na tano iliyopita linaweza kushindwa na jina la kawaida la miaka sita iliyopita. Kadi kubwa ya michoro ambayo vijana wanaitafuta kwa michezo, sisi hatuihitaji kwa kuanza.

Je, kompyuta ya kubeba au ya mezani? Kwa makuta yale yale, ya mezani iliyotumika inakupa nguvu zaidi, inafunguliwa kwa urahisi, na RAM inaongezwa. Ya kubeba ina betri, na inaweza kwenda arusini. Kama mnayo tayari ya kubeba, msiitupe: nunueni kioo kizuri cha nje na kuunganisha kwa waya. Kompyuta dhaifu kidogo yenye kioo cha kweli inafanya kazi nzuri. Tumeona.

Tutoe mfano wa hesabu. Akina mama 20 wakitoa dola 10 kila mwezi, kwa miezi mitatu ni dola 600. Tungegawa hivi: nusu kwa kompyuta ya mezani iliyotumika, theluthi moja kwa kioo, na sehemu inayobaki kwa onduleri na diski ya nje. Bei zinapanda na kushuka kila juma, lakini mgawanyo huo ushikeni. Kikundi kinachoweka dola 550 kwenye kompyuta kitaangalia picha kwenye kioo cha dola 50.

Umeme na vumbi

Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwetu hapa kwenye mto Lualaba, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na bado nyumbani umeme unakwenda na kurudi. Sisi tulifanya kosa hapa, tunaliungama. Tulinunua kompyuta na kioo, tukasema onduleri tutanunua mwezi ujao. Siku moja umeme ulikatika saa tisa mchana. Kazi ya picha 40 za darasa la sita, iliyofanywa tangu asubuhi bila kuhifadhiwa, ilipotea. Uliporudi ulirudi kwa kishindo, na kisanduku cha umeme cha kompyuta kikaungua. Onduleri ingetupa dakika kumi za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Kwa hiyo onduleri inunuliwe siku moja na kompyuta, hata kama itabidi kungoja mwezi mmoja zaidi. Na umeme ukikatika, chomoeni kila kitu ukutani. Ukirudi, ngojeni kidogo kabla ya kuchomeka.

Vumbi ni adui wa pili. Aishiye Kolwezi hahitaji kuelezwa vumbi, malori ya migodini yanatufundisha kila siku. Linaingia ndani ya kompyuta, linaziba feni, joto linapanda, mashine inakuwa nzito. Iwekeni juu ya meza, kamwe chini sakafuni. Ifunikeni kwa kitambaa safi baada ya kuzima, siyo ikiwa inawaka. Kila miezi mitatu ifungueni na kupuliza. Kioo chenyewe kipangusweni kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, na kamwe msitumie sabuni ya vyombo wala pombe.

Siku ya kununua

Mashine nyingi zilizotumika zinatufikia kwa njia ya Kasumbalesa na Lubumbashi, kabla ya kupanda njia ya Likasi mpaka hapa. Zimesafiri mbali, na hakuna anayejua zilianguka mara ngapi. Kwa hiyo makuta ya likelemba yasitoke mkononi kabla mashine haijaonyesha kazi. Waende watu watatu: mama mtunza makuta, mama mwenye jicho la vikwembe, na kijana anayejua kompyuta lakini hana faida katika mauzo.

Mkiwa dukani, fanyeni haya. Washeni mashine na kuiacha iwake nusu saa mkiwa mmekaa hapo. Fungueni ukurasa unaoonyesha habari za kompyuta, msome wenyewe RAM ni giga ngapi, msikubali kuambiwa. Fungueni picha nyeupe tupu ijaze kioo chote, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu: nukta iliyokufa itaonekana kama chawa kwenye nguo nyeupe. Kwenye nyeupe, angalieni kama pembe moja ina rangi ya njano. Kama ni kompyuta ya kubeba, chomoeni waya na kutazama betri inashuka kwa kasi gani. Mwishoni, takeni risiti yenye namba ya mashine, na neno la dhamana liandikwe na kutiwa sahihi. Muuzaji akikataa jaribio la nusu saa, mwagieni kwa heri na kwenda duka linalofuata.

Tuliposema betri, tukumbuke jambo moja. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka Kongo, na mnajua ni sehemu gani ya Kongo. Kobalti hiyo iko ndani ya betri nyingi za simu na kompyuta. Shaba yetu iko ndani ya nyaya zao. Wakati mwingine muuzaji anamtazama mama kama mtu anayeshika kitu cha kigeni. Mama huyo huenda mume wake au kaka yake amechimba kitu kilicho ndani yake. Ulizeni maswali yenu bila aibu.

Mkishaileta nyumbani

Kioo kipya dukani kimewekwa mwanga mkali sana ili kivutie. Mkikiacha hivyo, mtapata kosa kinyume na letu la kilio: picha inang'aa kwenye kioo, kisha inatoka na giza kwenye karatasi. Punguzeni mwanga mpaka karatasi nyeupe iliyoshikwa karibu na kioo ilingane nacho kwa weupe. Wekeni meza mahali ambapo jua la dirisha haligongi kioo, na ukuta wa nyuma usiwe wa rangi kali.

Kisha chapeni picha moja ya jaribio, yenye nyuso za watu watatu wenye rangi tofauti na kikwembe. Irudisheni, ishikeni karibu na kioo mchana, mlinganishe. Kama karatasi ina giza, punguzeni tena mwanga wa kioo. Picha hiyo itunzeni mezani, na kila mwezi ilinganisheni tena, kwa sababu kioo kinazeeka polepole na jicho linazoea. Kipo chombo kidogo cha kupima rangi kinachowekwa juu ya kioo. Ni bora kuliko jicho lolote, lakini bei yake ni kubwa kwa kikundi kimoja. Vikundi vitano vinaweza kukinunua pamoja na kupokezana.

Kuhusu programu, zipo za bure na nzuri: GIMP kwa kutengeneza picha, darktable kwa kusafisha rangi za picha nyingi pamoja. Hazidai malipo ya kila mwezi kwa kadi ya benki, na zikishawekwa zinafanya kazi bila intaneti.

Na picha ya asili msiiguse kamwe. Fanyeni nakala, mfanye kazi kwenye nakala. Asili moja ikae kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje, ya tatu kwenye nyumba ya mama mwingine. Mteja akileta picha kwa WhatsApp kama kawaida, mwambieni aitume kama dokima, kwa sababu njia ya kawaida inapunguza nukta.

Rangi ya uso wetu

Bado neno moja, na labda ndilo kubwa. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa inapelekea maduka ya picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ili wapimie kama rangi za ngozi zimetoka vizuri. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Aliyekuwa mweusi alitoka vyovyote vile. Filamu zilianza kurekebishwa baada ya watengenezaji wa samani na chokoleti kulalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazionekani vizuri. Mbao na chokoleti zilisikilizwa kabla ya nyuso za watu.

Leo hatuna sababu ya kungoja kadi ya mtu mwingine. Lakini simu nyingi zina kitu cha kupendezesha uso ambacho kinang'arisha ngozi bila kuulizwa, na wateja wengine wataomba: "Nipunguze weusi kidogo." Katika kikundi chetu tulibishana sana juu ya hili. Wengine walisema mteja ndiye mwenye makuta. Mwisho tulikubaliana: tunaondoa chunusi, tunaondoa jasho, tunaweka mwanga sawasawa, lakini rangi ya mtu hatuibadilishi. Wateja wawili waliondoka. Wengine walibaki, na kuna bibi mmoja aliyesema hajawahi kujiona kwenye picha jinsi anavyojiona majini.

Watoto wetu wajue pia kwamba kazi hii si ya kudharauliwa katika jimbo letu na jirani yetu Katanga ya Juu. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi akaziunganisha na picha mpya za viwanda vilivyobomoka, na kazi hiyo imeonyeshwa katika nchi nyingi. Baadaye alipiga picha hapa kwetu pia, na kazi hiyo ikaitwa Kolwezi. Yeye na wenzake walianzisha kituo cha sanaa Lubumbashi, wakakipa jina la Kiswahili: Picha.

Turudi kwa mama yetu. Ile picha ya kilio ilikuwa imetoka kwenye WhatsApp. Baadaye binti yake alikuta ile ya asili kwenye simu ya zamani iliyovunjika kioo. Tulipopata kioo chetu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza tuliyoifanya, na hatukudai malipo. Hatukufanya mengi. Tuliondoa watu wa nyuma, tukaongeza mwanga kidogo, basi. Kikwembe kilitoka zambarau. Siku ya kumaliza kilio tuliiweka mahali pale pale. Mdogo wake alikuja kutoka Likasi, akaitazama muda mrefu, kisha akatuomba ndogo ya kuweka kwenye mkoba.

Kwa mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kifanye kazi hii: pigeni picha kikwembe kimoja, kifungueni kwenye simu tatu tofauti, mkiweke chenyewe katikati ya meza, na kila mama aseme ni simu gani inasema kweli. Andikeni majibu, mtuletee.